Fundi wa mifereji na shilingi 4,000: kazi ndogo ya nyumbani hulipwa kiasi gani Mombasa?

SWALI

Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni mpangaji katika nyumba ya ghorofa huku Tudor. Mwezi uliopita mfereji wa sinki la jikoni ulikuwa unadondoka, na tangi la choo lilikuwa haliachi kutiririsha maji bakulini. Fundi niliyeelekezwa alikuja kwa bodaboda kutoka Kongowea, akatazama, akachukua shilingi 1,500 za vifaa, akarudi baada ya saa moja, akafanya kazi kwa muda usiofika dakika 40, kisha akadai shilingi 2,500 za ufundi. Vifaa alivyonionyesha ni raba ndogo nyeusi ya mfereji, tepu nyeupe, na mashine mpya ya plastiki ya ndani ya tangi la choo. Jumla nimetoa 4,000. Jirani yangu wa juu aniambia yeye alilipa 700 kwa mfereji kama huohuo. Wiki 3 hazijatimia na mfereji umeanza kudondoka tena. Je, nimepunjwa? Bei ya haki ni ipi, na nina haki ya kumwita arudi bila kumlipa mara ya pili?

JIBU

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze nilivyolifikia. Katika bei ya vifaa hukupunjwa. Katika ufundi umelipa zaidi kwa kiasi cha shilingi 1,000. Na hasara iliyo kubwa kuliko hiyo ni kwamba mfereji wako, kwa dalili ulizozitaja, ulitibiwa ugonjwa usiokuwa wake. Kumwita fundi arudi kwa ajili ya mfereji ni haki yako, ila kuna namna ya kumwita ambayo nitaifikia.

Tuzipime kwanza zile 1,500 za vifaa. Katika maduka ninakonunua mimi, raba ya mfereji wa nusu inchi haizidi shilingi 50, tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba ni kati ya 30 na 50, na mashine kamili ya tangi la choo huuzwa kuanzia 600 hadi 1,200 kulingana na ubora wake. Kwa hiyo vifaa vyako, vikiwa vya hali ya juu, havikupita 1,300, na zile 200 zilizobaki ni nauli ya bodaboda ya kwenda dukani na kurudi, ambayo hakuna fundi anayeweza kuitoa mfukoni mwake. Ikiwa mashine aliyokutilia ni ya zile nyepesi za 600, basi alibakisha kitu. Hilo utalijua ukifunua tangi na kuishika: ya bei ya chini ina kuta nyembamba ambazo ukizibonyeza kwa kidole gumba hubonyea.

Sasa ufundi. Watu wengi huhesabu dakika, na hapo ndipo wanapokosana na mafundi. Wewe umeona dakika 40, ila yeye ametoka Kongowea, akavuka daraja la Nyali, akatazama, akaenda dukani, akasubiri kuhudumiwa, akarudi, akamtafuta msimamizi wa jengo ili maji yafungwe juu, akafanya kazi, kisha akarudi alikotoka. Saa 3 zimekwenda, na nusu ya pili ya siku hiyo huenda hakupata kazi nyingine. Kipimo ninachotumia ni ujira wa siku: fundi wa mabomba anayefanya kazi katika jengo linalojengwa hapa mjini hulipwa, kwa ninavyolipa na kulipwa, kama shilingi 1,500 hadi 2,000 kwa siku, na mtu wa mkono, yaani msaidizi wake, karibu nusu yake. Nusu siku, basi, ni kama 750 hadi 1,000. Ongeza nauli yake ya kuja na kurudi, ongeza kitu kidogo cha kuchakaa kwa spana zake na cha zile siku ambazo simu haikulia, utafika 1,200 hadi 1,500 kwa kazi zako mbili kwa pamoja. Hiyo ndiyo bei ambayo mimi ningekutajia, na ambayo ningemtetea fundi mwenzangu akiitaja. 2,500 siwezi kuitetea.

Zingatia kwamba nimesema kazi mbili kwa pamoja. Kosa lililofanyika kwako, nadhani, ni kwamba alitoza kila kazi kana kwamba amekuja mara mbili. Kazi ya kwanza ndiyo inayobeba safari, ukaguzi na kufunga maji. Kazi ya pili ndani ya nyumba ileile hubeba muda wake tu, na kwa desturi haipaswi kuzidi nusu ya bei ya kwanza. Ndiyo maana 700 za jirani yako hazipingani na hesabu yangu hata kidogo. Yeye alikuwa na kazi moja, ya raba, na huenda fundi wake alikuwa anapita mtaani kwenye shughuli nyingine. Kazi moja ya namna hiyo kuilipa 500 hadi 800, raba ikiwa ndani yake, ni kawaida. Fundi anayekubali kuvuka maji kwa feri ya Likoni na kuja kisiwani kwa shilingi 300 hayupo, hata kama anayevuka feri kwa miguu halipi, kwa sababu saa yake moja ya foleni ina thamani, na akikubali jua atazifidia kwingine, na huko kwingine mara nyingi ni katika bei ya vifaa.

Hapa niseme jambo ambalo mafundi wenzangu hawatalifurahia. Hutokea mara nyingi kwamba duka humpunguzia fundi bei kwa kuwa ni mteja wa kila siku, lakini risiti ikaandikwa bei ya kawaida, au hata zaidi. Sioni kuwa punguzo lenyewe ni wizi. Fundi amelipata kwa uaminifu wake kwa duka na kwa maarifa ya kujua kipi kinafaa. Ubaya ni kulificha, na ubaya mkubwa zaidi ni pale ambapo faida hiyo humfanya abadilishe kitu kizima mahali pa kubadilisha kipande. Ukitaka kuliepuka hili bila kumtuhumu mtu, mwambie akiwa dukani akupigie simu, akutajie kila kitu na bei yake, nawe umlipe mwenye duka moja kwa moja kwa M-Pesa. Asiye na la kuficha hatakasirika. Na umwambie mapema, kabla hajaondoka kwenda dukani, kwamba vipande vya zamani vyote unavitaka mkononi.

Vipande hivyo ndivyo vingetupa jibu kuhusu choo chako. Tangi la choo linaloachia maji lina sababu mbili kubwa, na gharama zake hazifanani kabisa. Ya kwanza ni boya kupanda juu mno, kwa hiyo maji yanajaa hadi yanaingia katika kile kibomba cha katikati cha kumwagia yaliyozidi na kuteremkia bakulini. Dawa yake ni kushusha boya kwa kuzungusha skrubu, na kifaa kinachohitajika ni bisibisi. Ya pili ni raba ya chini, ile inayonyanyuka unapovuta maji, kulegea au kujaa utando wa chumvi hata isikae sawasawa. Raba hiyo peke yake, mahali inapopatikana, haifiki hata robo ya bei ya mashine kamili. Mashine nzima hubadilishwa ikiwa imepasuka au ikiwa raba ya aina yake haipatikani tena, jambo ambalo kwa vyoo vya miaka mingi ni la kweli mara nyingi kuliko unavyodhani. Kwa hiyo sisemi fundi wako alikosea, nasema angekueleza. Kwa kujipimia mwenyewe siku nyingine, tia bluu kidogo ya kufulia ndani ya tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Bluu ikishuka, kunavuja. Ufunue tangi uangalie: maji yakiwa yamefika mdomo wa kile kibomba, ni boya, yakiwa chini yake na bado bluu inashuka, ni raba. Choo kinachovuja kimya kimya hivyo kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila sauti ya kukuamsha, na ndicho ninachokiangalia kwanza mtu anaponiambia bili yake ya maji imepanda ghafla.

Nimelichelewesha suala la mfereji kwa makusudi, kwa kuwa ndilo lenye mengi.

Mfereji wako, kwa kuwa ulitiwa raba, ni ule wa aina ya zamani wa kuzungusha, wenye kichwa kinachofunguka. Ndani ya kichwa hicho mna shina, na mwishoni mwa shina mna raba. Ukifunga mfereji, raba hushuka na kukaa juu ya mdomo mdogo wa shaba ya manjano uliomo ndani ya kiwiliwili cha mfereji; sisi huuita kikalio. Mfereji unaodondoka una raba iliyokwisha, au una kikalio kilicholiwa. Hivi viwili hufanana kwa nje, na fundi mwenye haraka hutibu cha kwanza bila kutazama cha pili. Kikalio kilicholiwa kina vishimo na vijimfereji vidogo ambavyo huenda usivione kwa macho, lakini ukiingiza ncha ya kidole utavihisi kama ukingo wa sarafu iliyochakaa. Raba mpya ikikalia mdomo wa namna hiyo itaziba kwa siku chache kwa sababu bado ni laini na inajaza mashimo, kisha kila unapokaza mfereji ule ukingo huikata kidogo, na baada ya wiki 2 au 3 umerudi ulikotoka. Wewe umesema wiki 3 hazijatimia. Ni kama umeniletea raba yenyewe nikaitazama.

Kwa nini kikalio huliwa? Mombasa haina mto wake wa maji ya kunywa. Maji ya kampuni hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake lilianza kutufikia katika miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi, kwa hiyo huja kwa zamu, na bomba linapokauka kisha likajaa tena, hewa husukuma mbele yake mchanga na kutu. Chembe hizo hupita katika mfereji wako kwa kasi na kukwaruza mdomo wa shaba. Siku ambazo maji hayaji, majengo mengi hujaza matangi kwa maji ya kisima, na visima vya kisiwani vina chumvi. Chumvi humalizia kile ambacho mchanga umeanza. Ndiyo sababu mfereji ambao bara ungedumu miaka kumi, hapa ukifika mitano unashukuru, na ndiyo sababu ushauri wa bei ulioandikwa na mtu wa Nairobi haukufai sana.

Dawa ya kikalio kilicholiwa ni moja kati ya mbili. Kuna kifaa cha kukisagia, kinachoingizwa mahali pa kichwa na kuzungushwa kwa mkono hadi mdomo uwe laini tena; kazi yake ni ya dakika 10, nami ningeitoza 300 hadi 500 juu ya ile bei ya kubadilisha raba. Lakini mafundi wengi hawana kifaa hicho, na mfereji uliokwisha kusagwa mara moja hauna nyama ya kusagwa mara nyingi. Ya pili ni kununua mfereji mpya. Wa sinki, wa shaba halisi, utaupata kuanzia 1,000 hadi 2,000. Wa 400 pia upo, nao ni mtego. Uweke mkononi: wa shaba ni mzito kuliko unavyotarajia. Ugeuze utazame ndani ya nyuzi ambapo rangi ya kung'aa haikufika; ikiwa ni manjano, ni shaba, na ikiwa ni kijivu, ni madini mepesi ambayo kwa chumvi yetu hugeuka kuwa kama chaki. Siku ya kuutoa huo wa kijivu, utakatika na kuacha nyuzi zake ndani ya ukuta, na kazi ya shilingi 600 itageuka kuwa ya kuvunja vigae.

Watu huniuliza kama mdondoko mdogo unafaa kuhangaikiwa. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, ambayo kwa makadirio ni zaidi kidogo ya lita 20, yaani mtungi mmoja wa maji kila siku. Kwa mwezi ni lita 650 hivi, isiyofika yuniti moja ya mita (lita 1,000), kwa hiyo anayepata maji ya kampuni mfululizo hataihisi katika bili. Lakini nani huyapata mfululizo? Siku maji hayapo na mwenye mkokoteni anakuuzia mtungi kwa shilingi 30, ule mdondoko ni mtungi wako wa siku uliomwagika, na kwa mwezi mzima wa shida ni shilingi 900, ambazo ni zaidi ya kumlipa fundi.

Kuhusu kazi nyingine ndogo sitakupa orodha ndefu, kwa sababu bei hupanda na kushuka, ila nikupe kipimo cha chache zinazojirudia. Kubadilisha mfereji mzima, ufundi peke yake, ni 500 hadi 800. Kimpira cha kujisafishia chooni, ambacho katika nyumba zetu ndicho huharibika mapema kuliko vyote kwa kuwa watu hukiachia kibanio huku koki ya ukutani imefunguliwa, hakipaswi kukugharimu ufundi zaidi ya 300, na kwa kweli ni kazi ya spana moja ambayo kijana yeyote wa nyumbani anaweza kufundishwa. Boya la tangi la juu ya nyumba ni 800 hadi 1,200, kwa sababu ya kupanda. Bomba la plastiki la kuunganishwa kwa moto likipasuka ndani ya ukuta hulipiwa zaidi ya 2,000, kwa kuwa fundi huja na mashine yake ya kuyeyushia na kazi ya kuvunja. Na kumbuka kuuliza nani atarudisha plasta na vigae, maana fundi wa mabomba akisema "nimemaliza" huwa na maana ya bomba tu.

Kuzibua sinki ni 500 hadi 1,000, na nusu ya nyakati hukuhitaji mtu. Fungua kikombe cha chini ya sinki kwa mkono, ukiwa umeweka ndoo, ukimwage. Nimesikia mara nyingi lawama zikitupiwa tui la nazi, nami sikubaliani nazo: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24, na Mombasa bomba halipati baridi hiyo kwa urahisi. Ninachokikuta humo ni mafuta mazito ya kukaangia, yale ya kuganda mkebeni, yamejishikiza na machicha yaliyoponyoka kwenye kung'uto. Tui halina hatia. Machicha ndiyo yenye kesi. Soda kali ya kuzibulia itumie kwa uangalifu na peke yake, usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, na ukishaitumia mwambie fundi kabla hajaingiza mkono.

Kuna mahali ambapo vipimo vyangu vyote havifai, napo ni nyumba za zamani. Nilipokuwa bado kijana niliitwa Kibokoni, katika Mji wa Kale, kubadilisha kiwiko kimoja cha bomba la chuma kilichokuwa kinavuja. Kwa kujiamini nikataja bei nikiwa bado mlangoni: 300, enzi hizo zikiwa ni pesa. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kama nusu mita, na bomba limo humo tangu kabla sijazaliwa. Nilipokaza spana kiwiko kikatoka na nyuzi za bomba lililofuata, kwa kuwa kutu ilikuwa imebakisha ganda. Nikakata nyuma kidogo nipate chuma kizima, sikukipata, nikakata tena. Jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimebadilisha mita 4, mwenye nyumba amekaa kitini ananitazama, na bei ni ileile 300, kwa kuwa niliitaja mwenyewe. Alinipa chakula siku zote tatu, Mungu amjaalie, lakini pesa hakuongeza, na sikuwa na neno la kumwambia. Tangu siku hiyo sitaji bei ya bomba la chuma la zamani kabla ya kuligusa, nawe usimlazimishe fundi ataje. Katika nyumba kama hizo, lipia ukaguzi peke yake, 300 au 500, kisha mkubaliane hatua kwa hatua: tukifika hapa na pameoza, tunasimama na tunazungumza.

Kwako Tudor hilo halikuhusu sana, lakini somo la kukagua kwanza linakuhusu. Bei ya kazi ndogo huamuliwa kabla spana haijatoka mkobani, pale unapoeleza shida. Ukimwambia fundi kwa simu "mfereji umeharibika, njoo," umempa ruhusa ya kubahatisha, na anayebahatisha hujiwekea akiba. Mpigie picha za video fupi: mfereji wenyewe, sehemu yake ya chini, koki ya kufungia kama ipo, na namna maji yanavyotoka. Mtajie kazi zote za nyumba kwa mara moja, hata ile ya mlango wa bafu ambayo umeizoea, ili safari iwe moja. Muulize mambo matatu: ufundi ni kiasi gani ukiondoa vifaa, ni kiasi gani ikiwa atakuja akakuta tofauti, na je, pakivuja tena mahali palepale ndani ya mwezi atarudi bila malipo ya ufundi. Majibu yake yabaki katika maandishi ya simu. Fundi mwenye cheti cha mtihani wa ufundi wa serikali, ambao husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda na una madaraja matatu, daraja la kwanza likiwa ndilo la juu, anaweza kukutoza zaidi kidogo, na kwa kazi ya ndani ya ukuta ningemlipa bila kusita. Kwa raba ya mfereji, cheti si sharti. Na lolote lililo upande wa barabara kuanzia kwenye mita ni la kampuni ya maji, wala fundi wako asiliguse hata akisema analijua.

Sasa kumwita. Usianze na neno "umeniibia," kwa sababu mazungumzo yatakuwa ya heshima yake wala si ya mfereji. Mwandikie hivi: "Fundi, ule mfereji uliotia raba tarehe fulani umeanza kudondoka tena. Naomba uje utazame kikalio, nadhani kimeliwa. Kama ni kusaga, tumalizie katika malipo ya mwanzo. Kama ni mfereji mpya, nitaununua mimi." Kwa maneno hayo umemwonyesha kuwa unajua, umemwachia mlango wa kutoka, na umeweka wazi kwamba ufundi hulipi tena. Nadhani atakuja, fundi wa mtaani huishi kwa jina lake, na aliyekuelekeza kwake bado ni jirani yako. Akikataa, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina lake na kiasi ulicholipa ni ushahidi. Katiba, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Lakini kwa madai ya shilingi 1,000, dada yangu, nauli ya kwenda mahakamani na siku ya kazi utakayoikosa zitakuzidi.

Umesema wewe ni mpangaji, nami nimeshangaa kwamba mwenye nyumba hakutajwa. Desturi ya wengi hapa ni kuwa mpangaji hulipia vitu vidogo vinavyochakaa kwa matumizi, kama raba na kile kimpira cha chooni, na mwenye nyumba hulipia mfereji mzima, tangi la choo na kila kilichomo ukutani. Lakini mkataba wako ndio wenye neno la mwisho, kwa hiyo uusome kwanza. Mashine ya tangi la choo ingewezekana kabisa kuwa ni yake. Mpelekee risiti na picha, umwombe akurejeshee au akubali kwa maandishi uikate katika kodi, na usikate kabla hajakubali.

Fundi akija, mwambie afungue kichwa cha mfereji mbele yako, kisha uingize kidole chako mwenyewe kwenye kikalio kabla ya kuamua kununua chochote. Ikiwa ni mfereji mpya, siku hiyohiyo fundi atie koki ya kufungia chini ya sinki kama haipo. Itakugharimu kama 400 na ufundi wake hauna haja ya kulipiwa peke yake kwa kuwa maji yamekwisha kufungwa, na mara nyingine mfereji ukileta shida utaufunga hapo chini kwa mkono wako, bila kumtafuta msimamizi mwenye ufunguo wa juu na bila kuwakatia maji majirani wa ghorofa nzima.